Besi ya Sateki

Siku aliyoshuka kisiwani Tonga kutoka Auckland kwa ajili ya jubilei ya kanisa, Ilaisaane alimkagua mpwa wake Sateki juu mpaka chini.

"Wifi, mtoto wetu mmemfanya gunia la viazi. Analala mchana kutwa, mate yanamtoka. Ile sauti nzito, ile besi ya babake, iko wapi?"

Sateki alicheka polepole. Kweli sindano ya kila mwezi ilimnenepesha na kumtia usingizi. Lakini ndiyo iliyozinyamazisha sauti zilizowahi kumfukuza nyumbani akaishi makaburini, na mama yake, Losaline, hakutaka kuyaona hayo tena.

Nesi alipofika na mkoba wake, Ilaisaane alikuwa ameketi juu ya mkeka mzuri, mahali pake kama dada wa marehemu babake Sateki.

"Mwacheni bila sindano, aimbe jubilei kwanza. Kapona huyu, hamwoni?"

Kwa Watonga shangazi akishasema amesema, awe na akili au hana, na mjane wa kaka yake ndiye wa mwisho kumpinga. Losaline akamwomba nesi arudi mwezi ujao.

"Mama Sateki, una hakika?"

"Shangazi yake amesema."

Nesi ni wa kijijini hapohapo. Akafunga mkoba, akaenda zake.

Jumapili ya jubilei Sateki aliimba hadi wazee wakamlilia babake upya. Losaline naye alilia, kwa furaha tupu, maana miaka mingi alikuwa akimlisha mgeni na leo amerudishiwa mwanawe. Basi nesi aliporudi, wifi akiwa sokoni, Losaline alimwambia kijana yuko shamba. Kumbe yuko jikoni anakuna nazi, anaimba.

Haikuchukua muda akaanza kusukuma sahani. "Mama, humu umetia nini?" Kisha usingizi ukamhama. Asubuhi moja wakamkuta kwenye kaburi la babake, mchanga mweupe uliolifunika ameutawanya, anachimba kwa vidole vinavyovuja damu.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Baba anapumua."

Binamu zake wanne walimbeba mzobemzobe hadi hospitali. Huko daktari, kijana asiyemjua mtu, akauliza, "Nani aliyesimamisha dawa?"

Upepeo aliokuwa akijipepea nao Ilaisaane ukatulia. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Mimi," Losaline alisema.

Ilaisaane akaushika mkono wake, akauminya kwa shukrani, akidhani wifi yake anamsitiri. Losaline alimwacha adhani hivyo. Hakuwa akimsitiri mtu.

Daktari aliwaeleza kwamba wataanza dawa upya, ila ugonjwa ukirudi namna hii, wengine hawafiki tena pale walipokuwa. Ilaisaane akauliza pale ni wapi. Losaline alipajua: ni pale kwenye usingizi na mate, na kile kicheko cha polepole.

Chumba cha pili Sateki, amefungwa kitandani, alianza kuimba. Besi ileile, haijapungua kitu. Mama yake akaziba masikio.