Midomo Nyuma ya Barakoa

Senje, dada mdogo wa baba yangu, alipoteza uwezo wa kusikia kwa surua akiwa mtoto. Alisoma midomo. Tuliishi naye Shieywe na mazungumzo yetu hayakukwama hata siku moja, mpaka korona ilipoingia na kila mtu akajifunika mdomo.

Alianza kukohoa Jumanne. Kesho yake watu watatu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga wakaja wakampakia kwenye ambulensi. Mimi nilikuwa sokoni Khayega. Jirani ndiye aliyenipigia simu.

"Alikuwa anapiga nduru," akaniambia, "ameshikilia nguzo ya kibaraza."

Nilijua ni kwa nini. Watu wasio na nyuso walikuwa wamemchukua, na hakuna aliyemweleza wanampeleka wapi.

Langoni pa kituo cha karantini askari alinizuia. Siku ya pili muuguzi akanipigia: Senje hali, hanywi, akisogelewa anarusha sahani.

"Huyu mama anakuanga na shida ya akili?"

"Hasikii!" nikamwambia. "Hasikii tu!"

Usingizi haukuja. Je, wakimdunga dawa ya kumtuliza? Akiumwa, atamwambia nani?

Asubuhi nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa, mama wa makamo, alikuwa akipanga majina ya wazee wa kupewa unga. Nikamweleza yote. Akaweka kalamu chini.

"Viziwi hatukuwafikiria," akasema, bila kunitazama. Kisha akachukua mkoba wake. "Twende."

Alibishana na msimamizi wa kituo karibu saa nzima. Mwishowe nikaruhusiwa kusimama nje ya dirisha la kioo, nikavua barakoa. Senje alikuwa amelala akiuelekea ukuta. Muuguzi akamgusa bega. Aliponiona, alikuja mbio nusura aanguke.

"Wanakupima tu," nikasema polepole. "Utarudi nyumbani. Kula."

Akaonyesha vidole: siku ngapi?

"Sijui."

Singeweza kumdanganya. Akalia, kisha akanywa uji pale pale, macho hayanitoki.

Afisa akachora maji, choo na kichwa kinachouma kwenye karatasi, muuguzi akazibandika ukutani ili Senje awe akionyesha kwa kidole. Alirudi siku ya tisa, amekonda. Kumbe hakuwa na korona.

Wiki iliyofuata afisa alinipigia tena. Kuna mzee kiziwi huko Mautuma, akasema, anapelekwa karantini kesho, na hana mtu wa kumweleza. Nilimwambia lugha ya ishara siijui vizuri, na kwamba naogopa.

"Hata mimi," akajibu. "Nikupitie saa ngapi?"