Glavu za Siku Moja

(Jina la dada huyu na la kijiji chake tumeyaficha kwa ombi lake.)

Jumamosi, 6 Machi 1999

Ndugu wasomaji,

Nimejiwekea ahadi kwamba nitasema yote, hata yale yanayonifanya nitake kuichana karatasi hii. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa wilayani Tana River. Kwetu ni kijiji cha kando ya mto, chini ya Garsen. Nimelelewa na shangazi yangu, dada yake baba, na nikiumwa ni yeye ninayemwita mama.

Mafuriko yalipoharibu migomba na mpunga wetu, kampuni moja ilikuja na mbegu za pilipili. Wanawake wapande, kampuni inunue na kupeleka Ulaya. Ilileta pia dawa ya wadudu. Dawa hiyo huchanganywa na maji ndani ya ndoo, na kwa kuwa hakuna aliyepewa kitu cha kujikinga, shangazi na wenzake huikoroga kwa mkono. Siku hizi ngozi ya kiganja chake cha kulia inabanduka. Akinisuka nywele, vidole havisikii tena uzi uko wapi.

Mwalimu wetu alitufundisha kuwa sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Nilimwuliza msimamizi wa kampuni kwa heshima. Akacheka.

“Hawa si wafanyakazi, binti. Ni wakulima wanaotuuzia mazao. Shamba lao, mikono yao.”

Lakini mnunuzi wa Ulaya alikuwa na kanuni zake, na moja inasema kila anayeshika dawa apewe glavu, awe ameajiriwa au ni mkulima. Wanawake walitia alama za vidole kwenye karatasi ya kanuni hizo bila kusomewa. Mimi niliisoma. Nilinyamaza, kwa sababu kampuni hiyo ndiyo inayonilipia karo. Wao huiita msaada kwa jamii, na picha yangu nikiwa na sare iko kwenye kalenda yao.

Likizo ya Desemba msimamizi aliniita. “Mgeni anakuja kutoka kwa mnunuzi, kukagua. Wewe utatafsiri. Wewe ni mtoto wetu, unajua la kusema.”

Asubuhi ya ukaguzi aligawa glavu mpya za mpira. “Jioni nazitaka zote, na zirudi safi!”

Wanawake walizivaa wakichekana. “Leo tumekuwa madaktari,” akasema jirani yetu, Mama Hawa. “Nani mgonjwa, nimdunge sindano?”

“Anza na mumeo,” shangazi akamjibu, “labda ataamka akalime.”

Mgeni alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye daftari. Hakujua Kipokomo wala Kiswahili. Alimwomba shangazi amwonyeshe anavyochanganya dawa. Shangazi akaisogeza ndoo, kisha akavua glavu, akazikunja vizuri na kuziweka kifuani ndani ya leso. Aliambiwa zirudi safi, naye hana desturi ya kuharibu kitu cha watu. Akatia mkono mtupu kwenye dawa.

“Mbona amezivua?” mgeni akaniuliza kwa Kiingereza.

Nikamwuliza shangazi. Akanitazama, akajibu polepole ili nisikose neno. “Mwambie si zangu, mwanangu. Zimekuja asubuhi, zinaondoka jioni. Siku zote nakoroga hivi. Mwambie mkono unaniuma.”

Msimamizi alikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Nikasema, “Anasema glavu ni kubwa, zinamvuka. Ataletewa nyingine.”

Mgeni akaandika. Shangazi akauliza, “Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Yote?”

“Yote, shangazi.”

Jioni glavu zilihesabiwa, zikaingia garini. Zile za shangazi ndizo zilizokuwa safi kuliko zote.

Mwezi uliopita nilipokea kifurushi shuleni. Mgeni yule alikuwa amechukua anwani yangu. Ndani mlikuwa na glavu jozi moja, ndogo, na barua. Aliandika kwamba amemkumbuka mama ambaye glavu zilimvuka. Kisha akauliza: je, wanawake wengine wamepata zinazowatosha? Alitaka nimjibu kabla mnunuzi hajatia sahihi mkataba wa msimu ujao na kampuni.

Juzi nilikuja nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, nikampa shangazi kifurushi. Alinawa mikono kabla ya kukigusa. “Kumbe alinisikia!” akasema, na machozi yakamtoka. Glavu zinambana, mkono umevimba, lakini hakulalamika. Akamwita Mama Hawa, akampa ya kushoto. Waligundua kwamba ukiigeuza nje ndani inakaa mkono wa kulia, na mkono unaokoroga dawa ni mmoja tu. Sasa kila mmoja ana yake. Shangazi anawaambia majirani kwamba mimi ndiye niliyezileta, kwa Kiingereza changu. Ninainama kila anaposema hivyo.

Nikimwandikia mgeni ukweli, huenda kampuni italazimishwa kuleta glavu kwa wote. Huenda pia mnunuzi akaacha pilipili zetu kabisa, na wanawake hawa wabaki bila kitu, nami nitoke shule. Nikinyamaza, atatia sahihi akiamini neno langu, na kiganja cha shangazi kitaendelea kubanduka. Barua tupu iko mbele yangu, nimeandika salamu tu. Shule inafunguliwa Jumanne.

Nishaurini, ndugu zangu, na mnijibu mapema. Je, nimwandikie mgeni kwanza, au nianze kwa kumwambia shangazi kwamba maneno yake sikuyafikisha?