Maneno Yaliyobaki Kinywani

Mdogo wangu alizaliwa siku mbili kabla ya lori la serikali kuja kutuhamisha, na alikuwa hajatimiza miezi yake. Baba hakuwapo. Alikuwa ametangulia na wanaume wengine kwenye kijiji kipya, huko chini barabarani, kukata miti ya nyumba. Pale kwetu milimani tulibaki wanawake na watoto, tukifunga mizigo. Asubuhi Mama alifunga magunia mawili ya mtama kwa mikono yake. Adhuhuri alikuwa amelala mkekani, jasho linamtoka.

Aliyempokea mtoto ni bibi jirani yetu. Alikuwa Mwislamu, mkunga wa watu wote wa mlima ule, na mimi aliniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu. Alimfunga mtoto kwenye kipande cha kanga, akamtazama kwa muda mrefu.

"Huyu kaja kupiga hodi tu," alimwambia Mama taratibu.

Kulipokucha mtoto alikuwa bado anapumua, lakini kwa kuruka, kama anayesahau halafu anakumbuka. Hakuweza kunyonya. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Mara mojamoja alilia kilio chembamba sana, ambacho ukiwa uani usingekisikia.

Mama akaniita. "Baba yako hayupo, na mimi mikono haina nguvu. Mbatize."

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu, na jambo hilo alikuwa ametufundisha mara nyingi. Mtu akiwa katika hatari ya kufa na padri yuko mbali, yeyote anaweza kumbatiza. Amwage maji kichwani, aseme maneno, awe na nia. Anayemwaga maji ndiye huyo huyo aseme, na aseme yasikike. Nilikuwa naijua habari hiyo kuliko wenzangu wote. Ila Baba aliponiuliza mbele ya watu, jibu nililiandika mchangani kwa kidole, kwa sababu sauti ilikuwa haitoki.

Bibi akainuka. "Hayo mambo yenu, mie nakaa barazani." Alipofika mlangoni akageuka. "Mke mwenzangu, leo usinong'one. Ukiolewa utamwita mumeo kwa kumtupia mawe?"

Mama alitabasamu kidogo. Akamsogeza mtoto mapajani, kichwa kikalala kiganjani mwake. Mimi nilikuwa na maji kwenye kata. Nilimwaga mara ya kwanza, nikafungua mdomo. Nikamwaga mara ya pili, na ya tatu. Maji yalipita kwenye nywele zake laini yakadondoka mkekani, nami nikayasema yote moyoni, neno baada ya neno, na jina la babu yetu nikampa, bila kukosea hata moja. Lakini mle chumbani hakikusikika kitu ila yale maji.

Mama alikuwa amefumba macho. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umemwita jina la babu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu ashukuriwe," akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Mtoto alikufa kabla jua halijafika kati. Baba alifika na lori kesho yake, akakuta tumeshamzika nyuma ya nyumba, karibu na mlimau. Alipiga magoti pale kwa muda. Kisha akatoa daftari la kigango, ambamo aliandika majina ya waliobatizwa ili padri ayanakili, akaandika jina la mtoto kwa herufi za kupendeza, na jina langu pembeni kama mbatizaji. Akanionyesha. Akaniwekea mkono kichwani. Mgambo walikuwa wanatuita tupande. Ningeweza kusema hapo, lakini nilipanda lori.

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa kwa mistari. Miti ya kuta ilikuwa bado mibichi, udongo haujakauka, na ukikohoa jirani anakupa pole. Mama alipona mwili. Kila jioni tulisali rozari, na mwishoni mwa litania Baba aliongeza mstari wetu wenyewe.

"Mtoto wetu uliye mbinguni."

"Utuombee," wakajibu Mama na wadogo zangu.

Mimi nilichezesha midomo. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa sikuzoea kusikika. Lakini kila ulipofika mstari ule nilihisi kama mtu amesimama nyuma yangu anangoja zamu yake. Tulikuwa tunamwomba atuombee, nami peke yangu ndiye niliyejua kwamba hatujui alipo.

Mwenyekiti wa kijiji alituruhusu kurudi mlimani kuchimba muhogo tulioacha, mradi watu warudi kabla ya jua kuzama. Makazi yetu ya zamani watu walikuwa wameshaanza kuyaita mahame. Mara ya kwanza nilikwenda na bibi. Tulikuta milango imeng'olewa na makuti yamebonyea. Kwenye nyumba za jirani majani yalikuwa yamefika vizingitini. Uwanja wetu ulikuwa umefagiliwa.

Nilisimama nikautazama. Alama za ufagio zilikuwa zimepinda vizuri, kutoka mlangoni hadi kwenye mlimau, na hapakuwa na unyayo juu yake.

"Twende shambani," bibi akasema, akiangalia pembeni.

Ilikuwa saa sita, jua limesimama, hata nzi wametulia. Nilikuwa nimeinama nang'oa muhogo niliposikia kilio. Kilikuwa chembamba, cha kuruka, kinakatika na kuanza tena. Jembe la bibi lilibaki hewani.

"Umesikia?"

"Komba," nikanong'ona. Komba sauti yake ni ya mtoto mchanga, kila mtu anajua.

"Komba halii mchana, mke mwenzangu."

Tuliondoka na kikapu nusu. Njiani bibi alikuwa akisoma dua zake chini ya pumzi, na hakunitania hata mara moja hadi tulipofika barabarani.

Jioni Baba alicheka. "Hondohondo huyo. Ndege mkubwa vile, lakini akilia utafikiri kichanga. Hata mimi nilipokuwa mdogo alinidanganya."

Huenda. Ila mimi nilikuwa nimetazama juu wakati ule, na matawi yote yalikuwa matupu. Mama alikuwa anapepeta unga. Alisimamisha ungo, akauliza, "Kililia wapi? Upande wa mlimau?" Nikaitika kwa kichwa. Akaendelea kupepeta.

Baada ya hapo Mama alibadilika. Alikwenda kwenye shamba la kijiji kama wengine, alipika, alituogesha, lakini kwenye rozari alianza kusahau maneno, yeye aliyeyajua tangu utoto. Kisha ikaja habari kwamba padri atapita kijijini kwetu Jumapili ya pili. Watu walifurahi, walikuwa wamekaa muda mrefu bila Misa. Nikiwa nyuma ya nyumba naosha vyombo, nilimsikia Mama akimwambia Baba:

"Mimi sitapokea Komunyo."

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Imani imeniishia. Siwezi kwenda mbele ya altare nikijifanya ninayo."

"Mama watoto, imani haiishi kama chumvi."

"Yangu imeisha," Mama akasema. "Na nikienda kwa mganga, usinizuie."

 Niliosha sufuria ile ile mara tatu. Mke wa katekista kwenda kwa mganga, kijiji kizima kingejua kabla hajafika njia panda. Lakini si aibu iliyonitisha. Ni kwamba sauti yake haikuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeaga.

Asubuhi yake Mama alichukua kikapu, nikamfuata bila kuitwa. Hakunifukuza. Tulipofika uwanjani kwetu, kabla hata ya kutua kikapu, alivunja matawi ya mti, akayafunga, akaanza kufagia kinyumenyume kutoka mlangoni kuelekea kwenye mlimau, akifuta nyayo zake mwenyewe. Alifanya kama kazi ya kila siku.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Huwa napitia nikitoka shamba la kijiji. Ungependa kaburi lake likae porini?"

Tukachimba muhogo. Jua liliposimama, kilio kikaanza. Safari hii kilikuwa karibu zaidi, kana kwamba kinatoka ndani ya nyumba, kwenye chumba kile. Mama hakushtuka. Alikaa chini kwenye matuta, akafungua kanga yake kifuani. Gauni lilikuwa limelowa pande zote mbili. Miezi saba ilikuwa imepita tangu tumzike.

"Baba yako anasema ni ndege," alisema. "Ndege gani anayenitoa maziwa?"

Sikuweza kumtazama.

"Mtoto aliyebatizwa anauona uso wa Mungu. Ndivyo tunavyofundishwa, na baba yako ndiye anayefundisha. Sasa huyu analilia nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Ikiwa mafundisho ni ya kweli, basi mbovu ni mimi. Masikio yangu yameingiwa na kitu."

Kilio kilikatika, kikaanza tena. Nilijua kwamba nikirudi nyumbani bila kusema, Mama hatarudi nami, hata kama miguu yake itatembea pembeni yangu.

"Sikusema," nikasema.

"Hukusema nini?"

"Maneno. Nilimwaga maji. Sauti haikutoka."

Alinitazama midomoni, kama anayetaka kuona jinsi ilivyokuwa. "Hata neno moja?"

"Moyoni niliyasema yote."

"Nikakuuliza, ukaniambia umemaliza."

"Ndiyo."

"Baba yako akaandika."

"Ndiyo, Mama."

Nilingoja anipige. Alifunga kanga yake, akaokota jembe, akachimba mashina manne bila kupumzika, udongo ukimrukia usoni. Halafu akasema, "Beba kikapu."

Jioni, rozari ilipofika mwisho, Baba alisema, "Mtoto wetu uliye mbinguni," na Mama akainua mkono. Akanigeukia. "Mwambie baba yako. Kwa sauti."

Nilimwambia. Ilinichukua muda mrefu, wadogo zangu wananikodolea macho. Baba hakugomba. Alilifungua daftari, akakaa nalo magotini hadi mafuta ya kibatari yalipopungua. Alfajiri akashika njia ya Kipatimu kwa miguu, kwenye misheni ya padri, hakungoja Jumapili.

Alirudi siku ya tatu, miguu imevimba. Padri alikuwa amemwambia kwamba marehemu habatizwi, na kwamba mtoto yule yuko mikononi mwa Mungu, ambaye huruma yake haingojei sauti ya mtu. Jina lifutwe kwenye orodha, sala zisifutwe. Baba akaweka rula, akapiga mstari mmoja juu ya jina la mdogo wangu na juu ya langu. Kisha akaniambia, "Umenisumbua miguu," akanipa beseni nimkande kwa maji ya moto. Huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Mama alipokea Jumapili ile. Na ule mstari wa litania aliubadilisha mwenyewe. Hatukumwomba tena mtoto atuombee, sisi ndio tulimwombea yeye. Alisema kazi hiyo ni yangu.

Tulirudi mahame mara ya mwisho mvua zilipokaribia, Mama na mimi, kumaliza muhogo. Nilikuwa na tumaini kwamba patakuwa kimya. Saa sita ilipofika, kilio kikatoka upande wa chumba, chembamba, cha kuruka, vilevile.

Mama alitua jembe. Uso wake ulikuwa mtulivu. "Haya," akasema. "Anangoja."

Nikasimama uwanjani, mbele ya kizingiti kisicho na mlango, ndani giza la makuti yaliyoanguka. Nikaanza Baba Yetu. Maneno ya kwanza yalitoka mepesi mno, na kile kilio kikayafunika. Hakikunyamaza kunipisha. Ikabidi nipaze sauti, kisha nipaze tena, mpaka koo likaniuma, mpaka sauti yangu ikakipita kile kilio.