Aleji Niliyotaka Kuinunua

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi, mwanangu. Darasa la tatu sikumaliza, nilianza kwa kubeba magunia ya ngano Mbulumbulu, na sijafika miaka thelathini nikawa na lori langu mwenyewe. Ila ipo siku moja, mpaka leo sijaisahau.

Lori lilipinduka mteremko wa Kansay, mkono ukavunjika. Hospitalini, kabla sijapelekwa kupasuliwa, nesi mmoja, binti wa Kiiraqw, akaniuliza, "Kaka, una aleji?"

Neno hilo sikuwahi kulisikia, na kusema "sijui" nilikuwa sijajifunza. Nikamjibu, "Sina, sista, lakini nikitoka hapa nanunua. Hata mbili."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Haiuzwi hiyo! Nauliza, kuna dawa inayokukataa? Umewahi kuchomwa sindano ya usingizi?"

Nilikuwa nimewahi, nilipopasuliwa jipu. Niliamka na vipele mwili mzima, midomo imevimba, nikasingizia kunguni wa wodini. Lakini kile kicheko, mwanangu, kilinichoma. "Mwili huu haukatai kitu," nikasema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sindano ikaingia mshipani. Viganja vikawasha, moto ukapanda shingoni, kifua kikajifunga kama mlango. Nilitaka kupiga kelele, ulimi haukunyanyuka. Nikasikia, "Presha imeshuka! Hapumui!" Nikazama gizani nikijua nakufa, tena nimeuawa na mdomo wangu mwenyewe.

Nilizinduka kesho yake, mkono haujaungwa. Nesi amekaa kando, macho mekundu.

"Kaka, aleji hukuwa na haja ya kununua. Ulikuja nayo."

Safari hii hakucheka. Mkono uliungwa baadaye kwa ganzi ya begani, mimi macho, natetemeka kama kondoo wa mvua. Na hata usingizi wa nyumbani niliuogopa muda mrefu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa hospitalini sema yote, hata vipele unavyodhani ni vya kunguni. Neno usilolijua, uliza. Kuuliza si ujinga. Dawa iliyomlaza jirani akaamka salama, wewe yaweza kukuzika. Mungu akujalie kila ulalapo uamke.

Mimi navaa bangili ya shaba. Fundi wa sokoni Karatu alichonga juu yake jina la dawa ile, kama nesi alivyoniandikia, na neno moja mbele yake: HAPANA. Sikuomba apunguze bei. Shilingi kumi na tano, za wakati ule.