Kishindo cha Mguu wa Baba

Kila maganda ya kahawa yanapoanza kuoza nyuma ya kiwanda, na ile harufu yake kali kama ya pombe ikapanda pamoja na ukungu wa asubuhi, mimi husikia mguu wa baba. Harufu na sauti havina undugu, najua, lakini kwangu mimi vililelewa nyumba moja. Tulikaa ng'ambo tu ya kiwanda cha kahawa, chini kidogo ya soko la Githongo, na msimu wa kuchuma ulipofika, nguo zetu, blanketi zetu, hata uji wetu, vyote vilinuka maganda. Jioni baba alirudi kutoka shambani, akanawa matope, akaketi barazani kwenye kigoda, gitaa pajani na mguu wa kulia juu ya sanduku lake. Du-du! Kimya kidogo. Du! Kuku walikurupuka kila siku kana kwamba hawajawahi kuisikia sauti hiyo, na jikoni mama alijikuta anakata sukuma wiki kwa mwendo ule ule. Mimi nilikaa kizingitini, nikiihisi sakafu ikitetemeka chini yangu, na sikujua kwamba kuna nyumba ambazo sakafu zake hazitetemeki.

Sanduku lile aliligonga mwenyewe kwa mbao za mukima, mti tunaoupanda katikati ya kahawa ili uipe kivuli. Ndani alipigilia vizibo vya soda, vikawa vinacheka kila anapokanyaga. Fundi wa redio pale sokoni akamtilia maikrofoni ndogo iliyong'olewa kwenye redio kaseti iliyokwisha kufa. Waya ukatokea ubavuni, ukaenda kwenye spika, na spika ikala betri ya gari. Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa mtambo huo baba alialikwa kwenye harusi na sherehe za mahari kuanzia kwetu hadi Karurumo, kule Embu, ambako mama alizaliwa na ambako walikutana kwa sababu ya kishindo hicho hicho. Niseme ukweli, vidole vyake vilikuwa vya kawaida. Wapiga gitaa waliomshinda walikuwepo. Watu walifuata mguu. Kabla ya kishindo cha tatu alikuwa na namna ya kuchelewa kidogo, kama mgeni anayesita mlangoni, na katika kusita huko umati mzima uliinua miguu, ukangoja, kisha ukaishusha pamoja naye. Nimewaona nyanya wenye magoti mabovu wakikanyaga vumbi hadi leso zikawaanguka. Hata mchungaji wetu, aliyesema mwanzoni kwamba mambo ya kukanyaga-kanyaga ni ya walevi, mwishowe alionekana akitikisa kiatu chake chini ya joho.

Msimu ninaoukumbuka kuliko yote, baba alikanyaga kisiki cha mkahawa uliopogolewa, kikatoboa gambuti na kumwingia unyayoni, mguu ule ule wa kulia. Zahanati ilikuwa imeshamwambia zamani kwamba ana sukari. Alimeza dawa kwa muda, kisha akaziacha, kwa sababu kwetu dawa ni za mtu aliyelala, na yeye alikuwa analima. Kidonda kikagoma kufunga. Mguu ukavimba, ukamchoma kama kaa la moto, baba ambaye sijawahi kumsikia akilalamika akawa analia mchana kweupe, akiuma kona ya blanketi. Sanduku lilinyamaza. "Mguu huu ukienda," alimwambia mama siku moja nikiwa hapo hapo, "mimi nimeenda." Mama alimwambia aache maneno hayo mbele ya mtoto. Lakini nilikuwa nimeshayasikia, na tangu siku hiyo kila nilipotoka shuleni nilitazama kwanza barazani, kisha nikatazama mguu.

Wakristo wenzetu walikuja, na sitaki mtu awadharau kwa nitakayosema. Mzee Kiambi, mzee wa kanisa na jirani yetu, alituletea maziwa kila asubuhi bila kuombwa, na wake kwa waume walituchumia kahawa yetu ikiwa inaangukia chini. Walimkanda baba kwa maji ya chumvi, wakamwekea mikono, wakaomba kwa sauti moja: Bwana, yaondoe maumivu haya. Ombi lilikuwa hilo, na si jingine. Basi asubuhi moja baba alishuka kitandani, akagonga sakafu kwa kisigino, akagonga tena, akaanza kucheka, akamwita mama kwa jina langu. "Mama Gatwiri! Kuja uone! Haiumi! Haiumi hata kidogo!" Mama alitoka jikoni na mikono ya unga, akapiga vigelegele hadi majirani wakajibu kutoka bondeni. Kidonda kilikuwa bado kiko wazi, lakini nani angekitazama kidonda siku ya furaha kama ile?

Jumapili iliyofuata ilikuwa shukrani ya mavuno. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, maboga, magunia ya mahindi, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alikatiza kila sala. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, lakini baba hakuficha kitu. Alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda wake, akaitupa fimbo aliyokuwa akiiegemea, akaomba aletewe sanduku. Akakanyaga. Kanisa lililipuka. Watu walitoka kwenye viti, wakakanyaga pamoja naye hadi vioo vya madirisha vikalia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu. Niliruka na kushuka, nikimshika mama mkono, na ndipo nikagundua kwamba mama harukiruki tena. Alikuwa amesimama wima, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Huo si mguu wake," alisema polepole.

"Ni wa nani, mama?"

Leo naelewa alichokisikia. Kule kusita kabla ya kishindo cha tatu kulikuwa kumepotea. Mguu ulianguka tu, mzito, kama gogo linalotupwa kutoka begani, kwa sababu haukuwa unajua tena sanduku liko wapi. Haukuwa unajua kitu chochote. Lakini nani atasimama katikati ya ushuhuda aseme kwamba uponyaji si uponyaji? Kwetu hilo ni sawa na kutemea mate chakula cha mwenyeji wako. Mama alingoja hadi tukafika nyumbani.

"Baba Gatwiri, si twende Meru hospitali waangalie tu?"

"Waangalie nini?" baba aliuliza, bado anatabasamu. "Mungu amefunga mlango, wewe unataka kuchungulia dirishani?"

Mzee Kiambi, aliyekuwa amekuja kunywa chai nasi, alitikisa kichwa kwa upole. "Mama, usianze kuogopa saa hii. Tumeomba, tumejibiwa. Imani." Mama akamimina chai.

Baadaye nyumba yetu ilianza kunuka. Tulilaumu kiwanda. Ilikuwa rahisi sana kulaumu kiwanda, maana maganda yalikuwa yamerundikwa hadi kwenye ua wetu na kila mtu sokoni alikuwa akilalamikia harufu. Mama alifungua madirisha, akafua blanketi, akafukiza majani ya mkalitusi. Kisha kuchuma kukaisha, kiwanda kikafungwa kwa Krismasi, mvua ikaosha maganda yote, hewa ya Githongo ikawa safi. Harufu ikabaki ndani ya nyumba yetu. Asubuhi ile mama hakumwuliza mtu yeyote. Alimvua baba soksi, akatazama, akamtuma jirani aite gari.

Kule hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye sauti ya chini. Aliuliza maumivu yaliisha lini. Mama akamtajia ile asubuhi ya vigelegele. Daktari akasema, "Mama, siku ulipoacha kuuma ndiyo siku mngekuja mbio. Mguu ukiwa hai huuma." Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Walimkata baba mguu chini ya goti, na mama aliketi kwenye benchi la ukumbini, viganja juu ya magoti yake mwenyewe, kana kwamba anayazuia yasiinuke.

Wageni walijaa nyumbani na methali zao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walimwambia, na mimi nilikasirika, kwa sababu koleo jingine hununuliwa sokoni. Baba alijaribu mguu wa kushoto, lakini mguu huo ulikuwa umekaa bure maisha yake yote na haukukubali kujifunza uzeeni. Jioni moja mama alivuta kigoda, akaketi ubavuni kwake, akaweka mguu wake juu ya sanduku. "Piga," akamwambia. Baba akapiga gitaa, mama akakanyaga, sawasawa kabisa, bila kukosea wala kusita, kama anayetwanga mahindi. Baba aliimba kidogo, akasimamisha vidole. "Ni bwega, Mama Gatwiri," alisema, yaani asante. Akaliweka gitaa chini. Hakulishika tena, na haikuchukua muda mrefu tukamzika, kama alivyosema mwenyewe.

Sasa mimi ni mwalimu mjini Meru, na mwanangu Mutuma anapiga gitaa katika kanisa letu. Ana kidude cha chuma chini ya kiatu, kidogo kuliko sabuni ya kufulia. "Mum, hii ni pedali tu," aliniambia. "Unakanyaga mara moja, beat inajipiga yenyewe." Na kweli, kinapiga kishindo kinachotikisa kifua, hakichoki, hakikosei, na vijana wanakanyaga sakafu ya vigae kwa raha zao. Siwaonei kijicho. Nimemwuliza tu kama kinaweza kuchelewa kidogo kabla ya cha tatu. Akajaribu kukirekebisha, akacheka, akasema kitaonekana kama kimeharibika.

Mama ninakaa naye. Yeye pia ana sukari siku hizi. Sanduku la mukima liko chini ya kitanda chake, na kila jioni nalivuta, analiwekea miguu juu, mahali pale kisigino cha baba kilipochimba kishimo. Naiosha, naikausha katikati ya vidole, kisha nabonyeza unyayo kwa kidole gumba.

"Inauma?"

"Inauma, mwanangu. Unanibonyeza sana."

Zamani kanisa zima lilipiga magoti likiomba maumivu yaondoke. Mimi hupiga magoti pale sakafuni peke yangu, miguu ya mama mikononi mwangu, nikimshukuru Mungu kwamba inauma.