Sanduku Lenye Picha ya Ndoo

Kwa miaka mingi sikutaka kuandika habari za uchaguzi ule, kwa sababu kila nikianza, hasira hunipanda upya. Sasa nimezeeka, na hasira nayo imechoka kidogo, basi nitajaribu.

Baba alitoka magharibi, karibu na mpaka wa Uganda, akaja Ruiru kuchuma kahawa ya mzungu. Mimi nilizaliwa palepale kambini. Nilicheza kwa Kikuyu na kugombana kwa Kikuyu kabla sijaweza kusema vizuri lugha ya mama yangu. Kule magharibi tunakokuita nyumbani nilikuwa nimekwenda mara mbili tu maishani: mara ya kwanza kutahiriwa, mara ya pili kumzika baba. Baada ya hapo nikapata ukarani katika kiwanda cha matunda Thika, nikahamia lokesheni, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, na mama akanifuata. Alipanga chumba chake mwenyewe, akawa anauza uji kwenye geti la kiwanda. Hakutaka kukaa chini ya paa la mtu, hata kama mtu huyo ni mwana aliyemzaa mwenyewe.

Lokesheni nzima ilikuwa na mfereji mmoja wa maji. Wanawake walipanga ndoo alfajiri, na jua likiwaka bado walikuwa wamesimama hapo wakisukumana. Siku mfereji ukikauka waliteremka Chania, na maji ya mto yakiingia nyumbani, watoto walianza kuhara. Jambo hili lilinikera mno. Nikaanza kuwaandikia wanawake barua kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, wenyeji Wakikuyu na wageni pamoja, wakitia alama ya kidole gumba mmoja baada ya mwingine. Tulijibiwa kwamba jambo hilo linaangaliwa. Liliangaliwa miaka miwili.

Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba lokesheni itachagua mtu mmoja aketi kwenye baraza la mji, wanawake wale walinijia na kuniambia, "Karani, nenda ukalete maji." Kila mwenye kadi ya chumba angepiga kura, mwanamume au mwanamke. Kwenye sanduku langu la kura nikabandikiwa picha ya ndoo. Mpinzani wangu alikuwa mwenyeji, mwenye duka la sabuni na mafuta ya taa, naye akachagua taa. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuwahi hata siku moja kubeba maji, na nilisema hivyo kila niliposimama.

Tulipewa ruhusa ya kukutana na watu Jumamosi moja mchana, katika ukumbi wa lokesheni. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni ilikuwa haijaisha, kwa hiyo askari alisimama mlangoni akitutazama kama kwamba tungeiba viti. Nilisema vizuri siku hiyo, na sitajifanya mnyenyekevu. Nilieleza bomba lipite wapi, na watu wakaitikia. Halafu mwenye duka akainuka taratibu, wala hakupandisha sauti.

"Sikia, ndugu," akasema. "Wewe ni mtu mzuri. Hata mimi maji nataka. Lakini wewe ndiyo katibu wa kile chama chenu cha kupeleka maiti kwenu. Mtu wenu akikufa hapa, siku ya pili iko kwa lori. Sasa tuambie hii moja tu. Wewe ukikufa, utapelekwa wapi?"

Kile chama nilikianzisha mimi, kwa sababu mwili wa baba ulisafirishwa na watu wawili tu, nami nikaapa hakuna mtu wetu atakayesafiri hivyo tena. Kila mtu pale alijua. Ningeweza kusema kwamba hilo ni jambo la familia. Ningeweza kucheka. Lakini nilikuwa na moto, na nilizaliwa Ruiru, na nilikuwa nimechoka kuitwa mgeni na watu niliochunga nao mbuzi.

"Hapahapa!" nikapaza sauti. "Nilizaliwa hapa, na nitazikwa hapahapa Thika!"

Wenyeji walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Mzee mmoja akasema, "Haiya, huyu ni wetu!" Nami nilikuwa nikitabasamu kama mjinga nilipoona watu wangu, waliokuwa wameketi nyuma karibu na madirisha, wakisimama mmojammoja na kutoka nje. Mama alikuwa miongoni mwao. Hakunitazama.

Kwetu sisi, makaburi ya mji ni ya mtu asiyejulikana, yule aliyekosa hata binamu wa kuja kumtambua. Kumwambia mama yako hadharani kwamba utalala pale ni kumwambia kwamba hakukuzaa. Nilijua hivyo tangu utotoni, na bado nilisema.

Kesho yake baada ya kanisa chama kikaniita. Mwenyekiti wetu, mpishi wa hoteli, alisimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Katibu, jana ulisema nini?"

"Zilikuwa siasa tu, mzee wangu."

"Basi uliwadanganya wale, au ulikuwa unatudanganya sisi miaka yote hii?"

Nilijaribu kuwaeleza habari za bomba. Nikawaambia wanisubiri wiki moja tu, kura zikipita tutazungumza kama ndugu. Ndipo mama aliposema, kwa sauti ndogo aliyokuwa akiitumia msibani, "Baba, mzee wako yuko peke yake kule." Alizoea kuniita baba kwa kuwa nilirithi jina la baba mkwe wake. Nilishindwa. Nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea na kwamba nitazikwa nyumbani. Walinipa mikono, wengine wakapangusa machozi, na mimi nilijiona mwepesi kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai.

Jumatatu asubuhi habari zilikuwa zimefika kwenye mfereji kabla yangu. Mama mmoja mwenyeji, aliyekuwa wa kwanza kabisa kutia kidole kwenye barua zangu, aliendelea kukinga maji bila kuinua uso. "Kumbe wewe ni wa kupita tu," akasema. Nikamwambia bomba halijui kaburi. Akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Siku ya kura nilishindwa vibaya. Hata wale walionipa mikono, wengi wao hawakufika, maana mtu akishakuuliza swali kama lile haamini tena jibu lako. Mwenye duka alinipa pole kwa heshima, jambo lililoniudhi zaidi.

Mchana ule nilikwenda chumbani kwa mama na kumaliza hasira zangu zote pale. Niliwatukana wenyeji kwa kugeuka. Niliwatukana watu wetu kwa kukaa majumbani kama kuku wenye mdondo. Nilisema kwamba katika lokesheni hii yote, mtu mmoja tu aliyenichagua kwa moyo safi alikuwa yeye. Mama alikuwa akipepeta nafaka ya wimbi ya kupikia uji. Akaweka ungo chini.

"Mimi nilitia kwa taa," akasema.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwomba arudie.

"Kwa taa, baba. Uliposema ukumbini, ulisema kweli. Jumapili ndipo ulipodanganya, kwa sababu yangu. Nikaona wakikupa kiti hapa, hutaamka tena siku moja useme unarudi kwetu. Na mimi nikifika kule kwa mzee, nitamwambia nimekuacha wapi?"

Kura yake isingebadilisha chochote. Nilijua hivyo hata nikiwa nimesimama pale. Lakini ndiyo kura pekee katika uchaguzi ule ambayo nimeikumbuka kila siku. Nilitaka kumpigia kelele.

"Maji yamekwisha," mama akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Nikachukua ndoo yake nyuma ya mlango, nikaenda kupanga foleni.