Nilijinyoa Nikaenda Kula Chakula cha Siamu

Chekeni sasa mmalize ndio nianze, kwa sababu mtu akinicheka katikati nitanyanyuka niende zangu, siwadanganyi. Aibu hii ni yangu, nakubali, hakuna aliyenishika mkono akaniambia nichukue makasi. Lakini hasira nazo ni zangu, na mpaka leo hazijapoa.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, Waingereza wakiwasaka Mau Mau msituni, mimi ni seremala hapa Thika, naishi Kamenu na mke wangu Nyambura. Kule Ruiru, kwenye shamba moja la kahawa, meneja Mzungu alikuwa ameoa mama kutoka Siamu (nchi ya mbali huko Asia, siku hizi inaitwa Tailandi), tukimwita Memsaab Dao, na huyo mama alikuwa amenipa kazi ya kumchongea kinu, si hiki cha mahindi, kinu chembamba kirefu cha kupondea papai bichi. Nilikichonga kwa mti wa muiri. Alipokiona alikigonga kwa kidole, akasikiliza, akacheka, akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Fundi, Jumapili kuja. Chakula ya kwetu. Wewe kula kwanza, kinu yako."

Mimi, niketi mezani kwa meneja! Miaka ile! Nyambura alipiga shati pasi mara mbili.

Kilichobaki ni nywele. Jumamosi nikaenda kwa Gathogo, kinyozi wangu, watu wamejaa kwenye benchi, na yeye akanifunga kitambaa shingoni, akakizunguka kichwa changu kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema kwa sauti, "Ngojeni kwanza ninoe mashine, kichwa ya huyu ina kona kama hizo masanduku anatengeneza." Benchi lote likaangua kicheko. Mtu mwenye akili angecheka nao akanyolewa akaenda nyumbani. Mimi nilivua kitambaa, nikamtupia miguuni, nikatoka nikisema moyoni, kwani kunyoa ni nini? Mbao zinanitii, nywele ndizo zitanishinda?

Basi hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikatundika kioo mlangoni, nikachukua makasi ya Nyambura na wembe (yeye alikuwa ameenda kuchota maji), nikaanza. Mbele palitoka vizuri, hata nikapiga mluzi. Nyuma sasa, nyuma huoni, unapapasa tu, na mkono kwenye kioo unaenda kinyume na unavyotaka, nikakata kulia pakawa chini, nikasawazisha kushoto pakashuka zaidi, nikarudi kulia, na ninyi mnajua meza inayoyumba, ukikata mguu huu ule unakuwa mrefu, mpaka unabaki na kigoda. Nyambura akaingia, akatua debe, akanizunguka polepole.

"Baba Wanjiru," akasema, "ni panya?"

"Panya gani!"

"Kaa chini nikunyoe yote."

Nikakataa. Niende kwa watu na kipara kama nimetoka jela? Nikachukua rangi nyeusi ya viatu, nikapaka pale ngozi ilipoonekana, nikavaa kofia. Nyambura akatikisa kichwa, akaenda kuwasha moto.

Jumapili nikapanda baiskeli na pasi yangu ya kusafiri mfukoni. Kwenye kizuizi askari akaisoma, akaniachilia. Nikafika Ruiru, nikavua kofia barazani, nikakaa upande wa ukutani ili mtu asinione kisogo. Mezani walikuwa Memsaab Dao, karani wa shamba na mke wake, na nyapara. Bwana meneja alikuwa Nairobi.

Na chakula kile, jamani, niacheni niseme ukweli. Papai bichi limepondwa ndani ya kinu changu, na kitunguu saumu, ndimu, njugu, kamba wakavu kutoka Mombasa, na pilipili zile ndogo ambazo ndege hula. Supu ya kuku inanukia mchaichai. Mchuzi wa nazi wa kijani, na wali mweupe. Kitu kimoja kinakuja mdomoni kikiwa kichachu, kitamu, chumvi na moto, vyote pamoja. Karani alionja akaweka kijiko chini. Memsaab akasema, "Mimi hapana punguza pilipili. Punguza, si chakula ya kwetu." Mimi nilikula. Machozi yananitoka, kamasi inanitoka, naongeza. Mama wa watu akafurahi mpaka akapiga makofi.

Kumbe jasho nalo linafanya kazi yake. Nikasikia kitu kinateremka shingoni, nikapangusa kwa mkono, nikapangusa uso kwa mkono uleule. Mke wa karani akaruka. "Uui! Fundi anatoka damu nyeusi!"

Nyapara akainuka, akajipenyeza kati yangu na ukuta, akainamisha kichwa changu kama cha mtoto.

"Hii nywele imekatwa na haraka," akasema. "Hii ni ya mtu ametoka msituni juzi. Kama haufichi kitu, rangi ni ya nini?"

Ninyi vijana hamjui. Siku zile watu wa msituni walikuwa na nywele ndefu, na aliyetoroka huko alizikata upesi upesi, na ukishukiwa hivyo, unaweza kupotea, watu wako wasikuone tena. Nikatoa pasi. Hakuiangalia! Akapiga filimbi, homugadi, wale wenzetu waliobebeshwa bunduki za serikali, wakaja, wakaniburuta kwa lile shati la pasi mara mbili mpaka kwenye posti yao kando ya barabara, na watu walikuwa wanatoka kanisani, wengine wananijua, wakapita upande wa pili wakiangalia mahindi. Nikakalishwa chini, mikono juu ya kichwa. Rangi ikanifika viwiko.

Halafu nikamwona Memsaab Dao anakuja kwa miguu, peke yake, sahani mkononi.

"Huyu fundi yangu," akamwambia koplo wao. "Bado kula."

"Memsaab, tunamchunguza."

"Chunguza. Wewe chunguza, yeye kula."

Koplo akakuna kidevu, akaniuliza, "Nani alikunyoa?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Kwa nini?"

Ikabidi nieleze yote mbele yao, kona, masanduku, kioo, panya. Wakacheka mpaka koplo akaegemeza bunduki ukutani. "Enda," akasema. "Mtu wa msitu hawezi jinyoa vibaya namna hii."

Hicho ndicho kinachoniuma, si kicheko. Karatasi ya serikali yenye jina langu hakuna aliyetaka kuisoma, kilichonifungua ni kuwa mjinga. Nyapara hakusema pole, mpaka leo. Nikamaliza ile sahani nikiwa nimeketi mavumbini, imepoa, bado tamu, nikiwatazama mmoja mmoja.

Makasi sitashika tena kwa kichwa changu, nimeapa. Uso ni wako, utauosha na kuupamba unavyotaka. Kisogo ni cha wanaokutazama ukipita, na kuna watu hutakiwi kuwapa kitu cha kusoma huko.